Mjukuu Wangu Anaziba Masikio Maktabani

Wanasafu, salaam aleikum.

Nina mjukuu wa kike wa miaka 7, yuko Darasa la Pili. Tangu Januari anaishi nami hapa Tanga, akitokea kijijini Lushoto, nyumba yenye watu watatu na mbuzi. Anapenda kusoma mno. Hata gazeti lililofungiwa maandazi halitupi mpaka alisome. Nikaona nimpeleke maktaba kila Jumamosi. Tumekwenda mara 4, na mara zote 4 ameishia kuziba masikio kwa viganja, kujibana kwenye goti langu na kusema, "Babu, twende nyumbani." Ajabu ni kwamba darasani kwao wako watoto zaidi ya 70 na huko halalamiki.

Simlaumu hata kidogo. Chumba cha watoto ni ghasia tupu. Chini marumaru, juu dari nyembamba na mabati, madirisha ya luva yanatazama barabara ya bajaji. Tunafika saa nne na nusu na kukuta watoto kama 50: hawa wanaimba, hawa wanagombea kitabu, hawa wanaburuza viti. Nilimwomba mkutubi awanyamazishe. Akanijibu kwa adabu kwamba Jumamosi asubuhi ni ya watoto, anayetaka kimya apande ghorofani. Enzi zetu ukikohoa maktabani watu wanageuka!

Msiseme ni uzee. Nimefanya kazi miaka 31 kwenye karakana ya reli, nikikagua magurudumu ya mabehewa, kwa hiyo kelele nazijua. Swali langu: nimsubiri akue? Nimzibe masikio kwa pamba? Au niachane na maktaba nimnunulie vitabu asome barazani? Pensheni, nasema kweli, si ya kununulia vitabu vingi.

Babu wa Ngamiani, Tanga

*

Shikamoo Babu.

Kusubiri akue, hapana. Pamba, hapana kabisa: hupunguza sauti kidogo mno, na nyuzi zake hubaki ndani ya sikio. Kununua vitabu ni heri ukijaliwa, ila mtoto anayesoma mpaka gazeti la maandazi atakimaliza kitabu kwa siku mbili, na pensheni itaisha kabla yake. Vitabu viko maktabani. Tunaloweza kukusaidia ni namna ya kumfanya aizoee ile kelele hadi aone raha kuwa ndani yake, na kwa mtoto kama wako Jumamosi 6 au 7 hutosha, mradi ubadilishe mambo kadhaa. La kwanza ni saa ya kufika.

Saa nne na nusu ni saa mbaya kuliko zote. Mtoto akifungua mlango akakuta wenzake 50 katikati ya wimbo, sauti yote inampiga kwa mpigo mmoja. Hajui inatoka wapi, nani ni nani, wala yeye akae wapi. Sasa mpeleke mlango unapofunguliwa. Atakuta chumba kina watoto watatu au wanne, atachagua kitabu, atapata mahali, kisha wenzake wataingia wawili wawili huku sauti ikipanda taratibu, na masikio yake yakipanda nayo. Ikifika saa nne na nusu kelele ni ileile uliyoieleza, lakini yeye ni mwenyeji na wanaoingia ndio wageni. Muulize mkutubi mambo mawili tu: Jumamosi mnafungua saa ngapi, na hadithi huanza saa ngapi? Kati ya hizo mbili mkipata saa nzima, ni nyingi.

Jumamosi ya kwanza kaeni dakika 30, muondoke kabla hadithi haijaanza, hata kama anasema bado anataka. Hasa akisema bado anataka. Ya pili kaeni mpaka hadithi ianze, msikilize mkiwa karibu na mlango, dakika 10 zikitimia mtoke. Baada ya hapo ongeza robo saa kila wiki, isizidi. Walezi wengi huharibu hapa. Wanamwona mtoto katulia, wanafurahi, wanamwacha saa tatu nzima, mpaka anachoka na kulia. Kinachobaki kichwani mwake wiki nzima si zile saa mbili nzuri, ni kile kilio cha mwishoni.

Umetuambia, kama kwa kupitia tu, kwamba darasani kwenye watoto 70 halalamiki. Kwetu hilo ndilo neno kubwa katika barua yako. Linaonyesha kwamba masikio yake huenda hayana kasoro na kwamba wingi wa watoto peke yake si tatizo. Darasani ana dawati lake, anamjua mwalimu, anajua wimbo unakuja saa ngapi na kengele inalia lini. Kelele za pale anazitarajia. Maktabani hana kiti chake, hajui nani ataanza kupiga makofi, na hajui itakwisha saa ngapi. Hata hivyo muulize swali moja kabla ya yote: masikio yanauma, au ni kelele tu? Akisema yanauma, au umeona usaha, au anakuomba urudie maneno mara kwa mara, mpeleke zahanati wamulike ndani. Mara nyingine ni nta iliyoganda, na kuitoa ni kazi ya dakika chache mikononi mwa mhudumu. Usimchokonoe kwa kijiti. Na kama siku za mbele utaona anaziba masikio kila mahali, shuleni, sokoni, hata kwa sauti za kawaida za nyumbani, hilo ni la kumwona daktari wa watoto. Watoto wa namna hiyo husaidiwa na vifunika masikio vya plastiki, vile wanavyovaa mafundi wa mashine za kukatia mbao, vya saizi ndogo. Lakini navyo ni vya dakika 10 au 15 kelele zinapopamba moto. Sikio linaloshinda limefunikwa, likifunuliwa huona dunia ina makelele maradufu.

Sasa Babu, hili linalofuata utusamehe, tunalisema kwa heshima. Miaka 31 kwenye karakana huyala masikio ya mtu, na huanzia kwenye sauti nyembamba: herufi kama s, f na t, na sauti za watoto. Mtu wa namna hiyo akikaa na mtu mmoja barazani husikia vizuri kabisa. Akiingia penye watu wengi husikia mvumo mtupu, maneno hayashiki, na juhudi ya kuyatafuta humchosha na kumkera. Kama nyumbani wanakwambia redio iko juu, au unamsikia mjukuu akiwa anakutazama lakini humsikii akigeuka, nenda hospitali ukapimwe usikivu. Tunalitaja kwa sababu moja: mtoto wa miaka 7, akifika mahali pageni, huutazama kwanza uso wa aliyemleta. Babu akikunja uso mlangoni, mjukuu ameshajua kwamba hapa ni pabaya kabla hajasikia lolote. Mara ya tano mkienda, angalia nani anakunja uso kwanza.

Kazi yako ya zamani, kwa upande mwingine, ni hazina ambayo babu wengine hawana. Ulikuwa ukigonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu. Karakana nzima ikinguruma, wewe unausikia ufa. Hicho ndicho mjukuu anachohitaji, kuichomoa sauti moja kutoka katikati ya nyingi. Uwezo huo kwa watoto hukomaa polepole, huendelea kukua mpaka ujanani, kwa hiyo anapokwambia "makelele" hadeki. Kwake ni rundo moja.

Mfundishe kulifumua rundo kwa majina. Kiswahili kinayo ya kutosha: mvumo wa feni, mkwaruzo wa kiti, kishindo cha kitabu kilichoanguka, gumzo la wasichana wa Darasa la Tano, mnong'ono, ukelele, vifijo, na ule mlio mkavu wa muhuri wa tarehe kwenye meza ya mkutubi. Anza nyumbani, jioni, dakika 5 barazani: fumbeni macho, kila mmoja ataje sauti alizosikia, anayefikisha 8 kwanza ndiye mshindi. Jumamosi nendeni na karatasi na penseli. Mchore ramani ya chumba: mlango, meza ya mkutubi, mkeka wa hadithi, rafu, madirisha. Kila akisikia sauti aweke nukta pale ilikotoka. Baada ya dakika 10 tazameni nukta zimejaa wapi. Kwa kawaida hujaa mahali pawili au patatu, yaani mlangoni, mezani kwa mkutubi na kwenye mkeka. Sehemu iliyobaki ya karatasi huwa nyeupe. Mtoto akiuona ule weupe kwa macho yake, na akajua ni yeye aliyeugundua, hatakuwa na haja ya goti lako, kwa kuwa ameshajua pa kukaa.

Mahali penyewe pa kukaa, mueleze na sababu. Marumaru na ukuta wa simenti huirudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Vitabu, mikeka na nguo huimeza. Kwa hiyo kona iliyo kati ya rafu mbili zilizojaa vitabu ni tulivu kuliko kiti kilicho mbali lakini kimezungukwa na ukuta mtupu. Kwenye chumba kigumu kama hicho kusogea mbali hakusaidii sana, kinachosaidia ni kuweka kitu laini katikati. Mgongo wake uwe kwenye rafu na uso uelekee mlangoni, asishtuliwe na mtu wa nyuma. Kama kuna panga boi linalofanya kazi, kaeni karibu nalo. Utadhani tunakosea, lakini mvumo wa feni hauna maneno na haubadiliki, kwa hiyo hufunika vipande vya mazungumzo ya wengine. Dirisha la luva upande wa bajaji ndilo la kukimbia.

Hapo pia pana jawabu la kwa nini anashindwa kusoma akiwa pale. Mtoto wa Darasa la Pili bado anasoma kwa mdomo. Hata akinyamaza, utaiona midomo inacheza, kwa sababu anajisikiliza akiunganisha silabi. Mwenzake akiongea pembeni, maneno ya mwenzake yanaingia katikati ya silabi zake. Mvua au feni havimsumbui hivyo. Basi usimtake asome hadithi ndefu maktabani. Vitabu viko vya pale na vya nyumbani. Vya pale ni vile vinavyovumilia kukatizwa: vyenye picha kubwa, atlasi, vitabu vya wanyama, majarida ya watoto, vitendawili. Hadithi ndefu aiazime akaisome barazani kwako, kwenye kimya unachokipenda. Mkutubi atakwambia fomu ya uanachama wa mtoto inahitaji nini. Kwa kawaida huwa ni picha ndogo na sahihi ya mlezi, na kitabu hutoka na tarehe ya kurudisha iliyogongwa muhuri. Mwache aigonge mwenyewe, mkutubi akikubali. Sauti iliyokuwa ikimshtua Jumamosi ya kwanza, sasa anaitengeneza yeye.

Kwenye rafu za namba, ambako kila mada ina namba yake, mpeleke 398. Hapo 398.2 ni hadithi za jadi, na 398.6 ni vitendawili. Wanyama wanaonyonyesha, kuanzia popo hadi tembo, wako 599, na magari 629.2. Mtoto anayejua namba zake mbili tatu huingia chumbani akiwa na safari. Anakwenda 599, hana muda wa kusimama mlangoni akiogopa. Kuna maktaba ambazo vitabu vya wadogo hupangwa kwa rangi ya utepe badala ya namba. Kama yenu ni hivyo, ajue rangi yake.

Jambo dogo la kuchagua kitabu, kwa kuwa watu wengi hufuata kanuni isiyotufaa. Utaambiwa mtoto afungue ukurasa, akunje kidole kila neno linapomshinda, vikifika 5 kitabu ni kigumu. Kwa Kiswahili hesabu hiyo hudanganya. Lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kukunja kidole hata kimoja na asielewe kitu. Linalomshinda ni neno refu lenye mambo mengi ndani yake, kama "hawakumpelekea". Mpe asome ukurasa mmoja, funga kitabu, muulize: nani kamfanyia nani nini? Akijibu, azime. Akikodoa macho, rudisheni rafuni bila maneno.

Tumefika kwenye mkeka sasa, na huko ndiko kelele yenyewe iliko. Mtambaji akisema "Paukwa!", watoto hamsini hupiga "Pakawa!" na dari inatikisika. Kwa anayejua, huo ni mwito na jibu lake, lakini asiyelijua jibu huona kishindo kimezuka bila sababu. Mjukuu wako, kwa tulivyokusoma, hajui zamu yake iko wapi. Mfundishe nyumbani, kabla ya Jumamosi ya tatu, mpaka ajibu usingizini. "Paukwa!" "Pakawa!" "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Kila mtambaji ana lake, wengine huongeza "uongo njoo, utamu kolea", kwa hiyo mkiwa bado mlangoni Jumamosi ya pili sikilizeni wanasema lipi, mkalifanyie mazoezi hilohilo. Na vitendawili: "Kitendawili!" "Tega!" Anza na vyepesi. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kila niendapo ananifuata: kivuli. Ajue pia kwamba wakishindwa, mtegaji hudai mji, "Nipe mji!", wao humpa, naye husema amekwenda huko, amekula amekunywa, ndipo hutoa jibu. Kitambo kile cha mji ndipo watoto hupaza sauti kuliko wakati wowote, kila mmoja akitaja mji wake. Akiwa na wa kwake tayari, Lushoto kwa mfano, atakuwa anasubiri kelele hiyo ianze.

Mpe kitendawili kimoja ambacho una hakika wengine hawakijui. Utunge wewe, kihusu reli. Siku atakayojisikia tayari, atakitega. Usimsukume. Mlezi anayesema "haya, simama uwatege wenzako" mbele ya watu 50 amerudisha kazi ya wiki 4 nyuma.

Usimwahidi pia peremende ili akae. Atakaa kwa peremende, na siku isipokuwepo atakuwa na sababu mbili za kulia. Zawadi nzuri zaidi ni kazi. Muombe mkutubi ampe kitu cha kushika: kugawa penseli, kukusanya vitabu vilivyoachwa mezani, kupanga 10 kwenye rafu ya chini. Mtoto mwenye kazi anapita katikati ya kelele bila kuisikia, kama wewe na nyundo yako. Wiki ya tatu au ya nne huwa na kurudi nyuma. Alikuwa anaendelea vizuri, ghafla hataki. Mara nyingi sababu ni ndogo na unaweza kuipata ukiuliza: mkubwa kamnyang'anya kitabu, kona yake imekaliwa, au aliona haya kuuliza choo kiko wapi. Choo kionyeshwe siku ya kwanza, kabla ya rafu. Kona iwe mbili, ya kwanza na ya akiba. Na mkubaliane ishara, mathalani akushike kidole gumba mara mbili, kwamba sasa inatosha, mtoke nje dakika 5, mnywe maji, mrudi. Ukishaiahidi ishara hiyo uitii papo hapo, hata kama hadithi imefika patamu. Mtoto anayejua mlango uko wazi kwake huutumia mara chache sana.

Likizo za Juni na Desemba chumba hujaa kupita Jumamosi za kawaida, kwa hiyo kama anaanza, asianze wakati huo. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna kona itakayosaidia. Mtambaji mwenyewe huacha kutamba, watoto wakaimba. Siku hiyo imbeni.

Ghorofani, Babu, usimpeleke. Kule kuna kimya, ndiyo, lakini wengi wa wanaokaa pale ni vijana wa Kidato cha Nne na cha Sita waliokuja na madaftari yao kujiandaa na mitihani. Wanatafuta meza na taa, si rafu. Ni haki yao, na mtoto wa miaka 7 anayegeuziwa macho kila akifunua ukurasa atajifunza kwamba maktaba ni chumba cha mtihani. Kuhusu enzi zenu, tunakuelewa. Hata hivyo Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967 ilikuwa ya umma, na mwenye miaka 7 naye ni umma. Ilani ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, ya mwaka 1994, ilitaja kujenga mazoea ya kusoma tangu utotoni kuwa ya kwanza katika orodha ya kazi za maktaba, na kwenye orodha hiyohiyo ilikuwemo kuendeleza fasihi simulizi. Mkutubi wako anafanya kazi zote mbili ndani ya chumba kimoja. Hatuoni kosa lake.

Isipokuwa viti. Hapo umesema kweli, na hapo wewe fundi unaweza kumsaidia kuliko kumlalamikia. Mkwaruzo wa kiti kwenye marumaru ni mkali, hauna zamu, hautabiriki, na ndio huwashtua watoto kama mjukuu wako kupita hata nyimbo. Ukipata ruhusa, kusanya kandambili chakavu, ukate viduara vya kubandika chini ya miguu ya viti. Soli moja ya mtu mzima hutoa viduara kama 15 vya upana wa sentimita 3, kwa hiyo jozi moja ni kama viti 7. Kwa miguu ya mbao, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kunata bila kuchafua kidole, kisha ubandike na kupigilia msumari mmoja mfupi wa kiatu katikati, kichwa kizame ndani ya mpira. Gundi peke yake haitoshi, kiti kikiburuzwa wiki mbili kiduara kimebaki sakafuni. Usiache kichwa cha msumari juu, kitachora marumaru na mkutubi hatakusamehe. Miguu ya bomba la chuma haishiki gundi vizuri. Hiyo itafutie kofia za mpira zinazovaliwa kwa kusukumwa, upime kwanza upana wa bomba. Mjukuu ahesabu miguu, viti 40 ni miguu 160, na akupe viduara kimoja kimoja.

Kofia ya namna hiyohiyo, kama unatembea na mkongojo, uvalishe nao. Na ukikaa ulaze chini kando ya kiti, usiuegemeze kwenye rafu, kwa maana mkongojo ukianguka juu ya marumaru watoto wote 50 watanyamaza wageuke, na mjukuu wako ndiye atakayeziba uso.